Uso Wangu Juu ya Kaburi la Wekesa

Jumanne, Kitale. Mvua imeanza asubuhi na haijui inataka nini, ile nyembamba isiyosaidia mahindi wala kukuacha utoke. Magoti yanauma. Roho haiumi, na hilo ndilo linanisumbua.

Nimefanya jambo baya na nimeshindwa kulirekebisha. Wacha nilimwage hapa, kwa sababu mchungaji wangu ana mdomo usiofungika.

Ndugu yangu Wekesa alikufa mwaka jana, huko kwake Chwele. Mchwa walikuwa wamekula sanduku la picha zao zote. Ile ya kitambulisho ilimwonyesha kama mwizi wa ng'ombe, na hata hiyo chifu akaenda nayo pamoja na kitambulisho chenyewe. Za kwenye simu za watoto zilikuwa za ugonjwa, mashavu yameingia ndani. Familia ilitaka uso wenye nyama. Ikabaki picha moja tu duniani, nayo ilikuwa kwangu: mimi na yeye, vijana, tumesimama studio hapa Kitale na mashati ya kufanana.

Nikaipeleka saiba, kile kibanda cha kompyuta, kwa msichana anayetengeneza mabango ya matanga. Akaniuliza marehemu ni yupi, ili amkate huyo mwingine.

Nikaweka kidole juu yangu mwenyewe.

Usiniulize kwa nini. Haya, niulize. Nilitaka kuona kama watu wanaona. Na nilitaka kujua nitaliliwa vipi, kwa sababu siku yangu ikifika sitakuwa na nafasi ya kuangalia.

Bana, nilililiwa vizuri.

Nilikuwa kwenye bango la getini, kwenye fulana za wakwe, kwenye jalada la programu ya mazishi. Nilikaa kiti cha mbele, uso huu ukiwa hatua tatu kutoka kwa ule, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Upepo ulipovuta bango, pua yangu ikajikunja, na kwa muda mfupi watu wakaona kitambaa. Upepo ukaacha, kitambaa kikapotea, marehemu akarudi, na akina mama wakaendelea kulia pale walipoachia.

Mimi nimeishia darasa la sita. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ananiambia kuna wasomi huko ng'ambo waliomaliza maisha yao wakijiuliza mtu akiangalia picha anaona nini, karatasi au mtu. Ati karatasi iko hapa na mtu hayupo, lakini jicho linairuka karatasi na kumfuata asiyekuwepo. Nikamwambia wangekuja matanga ya Chwele wangemaliza kazi kwa siku moja. Jicho haliruki lenyewe, linasukumwa. Andika chini "Baba Yetu Mpendwa", halafu bandika hata mbuzi, watu wataona ndevu za baba.

Kilichonichekesha zaidi ni jeneza. Lilikuwa wazi, watu wakapita kumwona. Huyo ndiye Wekesa mwenyewe, si picha. Na kila aliyepita alitikisa kichwa akisema ugonjwa ni mbaya, huyu si yeye kabisa. Halafu anageukia bango, machozi yanatoka, yeye ndiye huyu. Walimkana akiwa amelala mbele yao. Nikajifunika leso usoni nikicheka mpaka mabega yakatetemeka, na shangazi mmoja akanipapasa mgongo kunipa pole.

Nilidhani mzaha umezikwa naye.

Sasa wanalijengea kaburi. Mke wake, Mama Nafula, ameagiza kigae chenye picha ya marehemu, aina ile inayochomwa motoni mpaka picha haitoki tena kwa mvua wala jua. Wiki iliyopita aliniambia kwa simu kwamba kila asubuhi anaiambia ile picha ya bango, aliyoitundika ukutani, habari za nyumba. Akaongeza kwamba siku hizi akifunga macho kumkumbuka mume wake, ni hiyo picha inayokuja. Nyingine haiji.

Hapo nikashtuka. Sikujua picha inakula mtu.

Jana nikaenda Chwele, ile picha ya wawili mfukoni. Nikamwambia yote bila kuzunguka: saiba, kidole, kila kitu. Nilitegemea kofi. Kofia nilikuwa nimeivua tayari.

Akaichukua picha, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaniangalia mimi. Akaangalia picha. Akaniangalia tena, polepole, kama mtu anayeuziwa kuku mgonjwa.

"Mulamwa, umezeeka vibaya," akasema. Hivyo ndivyo huniita, mimi shemeji yake. "Huyu wa kulia ni mume wangu. Wewe ni huyu mwingine."

"Huyo mwingine ndiye Wekesa."

"Huyu mwenye macho ya wizi? Si ni wewe tu. Macho hayo hata leo unayo."

Nikamwonyesha kovu kwenye nyusi yangu, na kovu hilohilo kwenye picha. Akalikwangua kwa ukucha, akasema hapo ni karatasi imechubuka.

"Miaka arobaini nimelala na mtu," akasema, "halafu wewe ndiye unanifundisha uso wake?"

Akatoa makasi kwenye droo ya cherehani, akakata katikati ya mabega yetu. Nusu yangu akaiweka ndani ya Biblia. Ile nyingine akanitia mkononi. "Beba yako. Watoto wako wataihitaji."

Kwa hivyo Wekesa yuko hapa mezani kwangu. Uso wake wa kweli, wa mwisho uliobaki, na sasa una jina langu. Nikifa ndio watakaoubandika getini, na watu watalia vizuri tu.

Fundi anachoma kigae kesho. Namba yake ninayo. Simu ninayo mkononi, ndiyo hii ninayoandikia. Ni kumtumia hii nusu na maneno mawili, basi, mama wa watu arudishiwe mume wake.

Lakini wacha niseme ukweli hata kama unanuka. Kuna mwanamke Chwele ambaye kila asubuhi, kabla hajawasha moto, anausalimia uso wangu. Mke wangu mwenyewe, Mungu amlaze, hakuwahi kuniangalia hivyo hata siku ya harusi.

Situmi.