Kiti cha Msoma Barabara

Bwenini, 3 Machi

Ndugu wapambanaji wa karakana,

Yaani wewe Shangazi, fundi Pancha, na Nyigu mwenyewe aliyelala chini ya turubai: nawasalimu kwa salamu za umoja usiovunjika! Shikamoo, Shangazi. Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima wa afya. Sauti tu ndiyo imekauka, kwani jana nilihutubia ngazini kwa muda ambao hakuna profesa anayethubutu kufundisha.

Naingia kwenye hoja. Nilipokuja likizo nilipiga magoti kando ya Nyigu, nikakandamiza ukucha kwenye tairi la nyuma. Ukucha haukuacha alama. Shangazi, ule si mpira tena, ni ubao! Mifereji yake ingali na kina, nakubali, kwa sababu gari limekaa ndani tangu tulipomzika Baba. Lakini ubavuni kuna nyufa kama za tope lililokauka, na mwaka uliochongwa pale unashuhudia kwamba matairi hayo yalitoka kiwandani nikiwa shule ya msingi. Sura ya ujana, moyo wa kizee: viongozi wa namna hiyo ninao wengi hapa chuoni.

Nawe umenitangazia kwamba mwisho wa Aprili utalipandisha mlimani gari la michezo lenye umri kunizidi, katika mkutano wa magari ya zamani, peke yako, juu ya mbao nne. Napinga! Napinga kwa jina la walio hai! Pendekezo langu ni matairi mapana, ya ubavu mfupi, ya kisasa. Nimeyaona pichani. Nyigu atasimama barabarani kama tamko.

Naomba kura yako.

Mwanao katika mapambano.


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti karakanani, na Pancha akapiga makofi mahali ambapo hata hukukusudia. Mgongo unalalamika kama wewe, ila wenyewe unafanya kazi. Unakula lakini? Hiyo sauti itafutie asali na maji ya vuguvugu.

Matairi yako mapana tumeyajaribu. Pancha aliazima moja kwa jirani yake, akalifunga mbele. Nikakata usukani mpaka mwisho: likalia kwenye bodi kama paka aliyekanyagwa. Tena usukani ukawa mzito, na Nyigu hana kinachousaidia zaidi ya mabega yangu. Pancha akasema, "Mwambie mheshimiwa, tamko limekwama kwenye bodi."

Na kuhusu kura: huna ya kuomba wala ya kupiga. Usinune. Unaujua utaratibu wetu, mimi na baba yako. Mimi nilishika usukani; yeye alikaa kando yangu akinisomea barabara. "Kushoto, laini. Kulia, kali, usiguse breki." Na msoma barabara ndiye aliyechagua matairi, kwa sababu dereva ana usukani na ana breki, lakini anayekaa kando hana cha kushika. Yeye roho yake iko kwenye hayo matairi tu. Hizo unazoziita mbao alizichagua kaka yangu. Nilikuomba ukae kwenye kiti hicho, ukanijibu una vikao. Basi kiti hakina mtu, na matairi hayana wa kuyabadilisha.

Ila kwa heshima ya ukucha wako nitakubali nusu: mawili mapya mbele, mawili ya baba yako yabaki nyuma.

Shangazi yako.


Bwenini, 17 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Asali imefanya kazi yake, kama utakavyosikia hivi punde. Ni matumaini yangu kwamba mgongo umetulia.

Kuhusu matairi mapana nimeshindwa, nami nashindwa hadharani. Tamko lirudishwe kwa jirani yake Pancha.

Lakini nusu? Nusu! Ngazi za bweni letu zilipopasuka, wakuu walileta saruji wakapaka zile za chini tu, zinazoonekana na wageni. Nikasimama juu, kwenye ngazi mbovu kuliko zote, nikauliza: ni nani anayepanda hapa kila siku, sisi au wao? Anayebeba hatari ndiye mwenye kauli! Umati ukaitikia mpaka madirisha yakatetemeka. Leo hii niliyeyasema hayo nipokee nusu kutoka kwa shangazi yangu wa damu?

Tazama kitakachotokea. Mbele mapya yatashika lami. Nyuma mbao zitateleza. Ukiingia kwenye kona kwa kasi, mkia utakipita kichwa. Nimemuuliza mwenzangu wa uhandisi, akachora mishale ubaoni, na mishale yote ikanielekea mimi. Yote manne, Shangazi, au turubai lirudi.

Kuhusu kiti: kile kina mwenyewe. Nina vikao mpaka mwisho wa muhula. Nitaongoza nikiwa huku.

Mwanao asiyekubali nusu.


Bwenini, 9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. U mzima? Simu yako inaita tu, na najua inalala kwenye droo pamoja na nyuzi na vifungo, lakini barua huwa hulazi. Umeninunia? Kama nilivuka mpaka, nichape kwa maneno. Kimya chako kinaniumiza kuliko fimbo. Ndugu wapambanaji wananiuliza mbona leo sijapinga chochote.

Niandikie sentensi moja tu. Sema turubai liko juu ya gari.

Mwanao.


Nyumbani, 14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, na viungo vyote viko mahali pake. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa. Kaa basi.

Turubai halikuwa juu ya gari. Nilimtoa Nyigu asubuhi moja, na matairi yake yale yale yote manne, nikapanda barabara ya machimbo kufanya mazoezi. Lami ilikuwa na unyevu kidogo. Injini inaimba, nami naimba nayo. Hata mgongo ulinyamaza. Nikaikaribia ile kona iliyofichwa na mwamba. Unajua nilifanya nini? Nilingoja. Nilingoja niambiwe! Miaka yote, kabla ya kona ile, kuna sauti iliyonieleza ni kali kiasi gani. Hata mimi niliyeipima barabara ile kwa fito na minyororo enzi za kazi yangu ya upimaji, nilikaa nikingoja kusomewa.

Nilipotambua kwamba hakuna atakayesema kitu, nilikuwa nimechelewa. Nikagusa breki. Mkia ukateleza juu ya zile mbao, ukakipita kichwa kama ulivyochorewa, Nyigu akazunguka akabaki anatazama tulikotoka. Hatukugonga kitu. Injini ikazima. Nikaangalia kando yangu: kiti kitupu, mkanda umefungwa vizuri, vile vile alivyouacha.

Kwa hiyo matairi ulisema kweli. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu ushindi wako ulinikaa kooni, na mimi sikuwa na asali.

Sasa na mimi nina hoja, na nimeitoa mfukoni mwako. Anayebeba hatari ndiye mwenye kauli. Si maneno yako? Si madirisha yalitetemeka? Haya, njoo uibebe. Huwezi kumsomea mtu barabara ukiwa bwenini.

Pancha ana aina mbili zenye kipimo cha Nyigu. Moja ina mpira laini sana na mifereji haba; kwenye lami kavu inanata kama gundi. Ya pili ni ngumu kidogo, yenye mifereji mirefu ya kutupa maji. Pancha anatetea gundi, lakini Pancha hakai ndani ya gari. Mimi sichagui, utaratibu ni utaratibu. Nikikosa msoma barabara nitamwambia katibu wa mkutano alifute jina la Nyigu, nami nitamuuza kwa mtu mwenye watu wawili wa kumpanda.

Kunywa maji. Nakupenda, hata ukipiga kelele.

Shangazi yako.


Bwenini, 18 Aprili

Ndugu wapambanaji wa karakana,

Salamu za umoja, safari hii kutoka kwa mjumbe mwenye kiti! Shikamoo, Shangazi. Namshukuru Mungu kwa kila kiungo kilichobaki mahali pake. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kinyume cha agizo, na nilipofika kwenye kona nikatii, nikakaa.

Nimehutubia umati juu ya ngazi zilizopasuka bila kutikisika. Lakini kila nilipoufungua mlango ule wa abiria wa Nyigu nilihisi namnyang'anya Baba nafasi yake, nikaufunga, nikaenda kutafuta kikao. Umenijibu kwa hoja yangu mwenyewe, na sina pa kukimbilia. Kiti hakikuwa cha Baba kwa sababu alikuwa Baba. Kilikuwa chake kwa sababu alikubali kukaa hapo bila usukani, bila breki, akakuamini. Nami nakubali.

Kwa mamlaka ya kiti hicho, basi, natamka. Yenye mifereji mirefu. Yote manne, yafungwe siku moja. Gundi ya Pancha ni ya watu waliohakikishiwa jua; sisi tunapanda mlima ambako mawingu hayaombi ruhusa, na katika gari hilo mwenye kuogopa maji ni mimi. Kipimo kiwe kile kile cha zamani, ubavu mrefu, ili bodi isilie na mabega yako yapumzike. Matairi ya Baba yavuliwe kwa heshima. Moja litundikwe ukutani karakanani, na atakayelichoma atajibu mbele ya umati.

Vikao nimemkabidhi makamu wangu, ambaye kwa sasa ana sauti kunishinda. Nimeshaanza mazoezi. Kila asubuhi nashuka ngazi za bweni nikisema kwa sauti, "Kushoto, laini. Kulia, kali, usiguse breki." Wenzangu wanasema mapambano yamenipanda kichwani. Waache waseme, watanisoma kwenye orodha ya waliofika kileleni.

Tangazo kwa wajumbe wote. Mkutano ujao utafanyika dukani kwa Pancha. Ajenda ni matairi, na baada ya matairi tunakwenda wote wawili kwenye kona ya machimbo, kuisoma upya. Pancha amealikwa kama mwangalizi. Asipige makofi kabla hoja haijaisha. Na mkanda ule, Shangazi, usiuguse. Nitaufungua mwenyewe, Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Mwanao, msoma barabara.