Nilipoikatiza Sala ya Mama

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Ihanda hatujambo, kahawa imeanza kuiva. Lakini swali lako limeniudhi! Eti, "Bibi, si inatosha kuomba huku nafunga mizigo dukani?" Hapo Tunduma mteja unampa kiti, halafu Mungu unamsemesha umempa mgongo?

Nilipokuwa msichana, mama yangu alipiga magoti kila asubuhi, akitutaja watoto wake mmoja mmoja. Siku moja wingu likatanda, na kahawa yetu iko nje kwenye vichanja. Nikamfokea, "Mama, maliza basi!" Akainuka, tukaifunika kahawa. Kisha akaniambia, "Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kwako."

Mpaka leo sijui angeniombea nini.

Asubuhi hii, nikiwa nimepiga magoti, nimefika kwenye jina lako. Nimekaa hapo muda mrefu, na hasira zangu hizihizi.

Bibi yako