Chumvi Uliyoacha Emali

Baba yangu mpendwa,

Sufuria yako nimeiosha, nikaipaka mafuta, nikairudisha chini ya kabati pale jikoni Migwani, mdomo ukiangalia ukuta kama ulivyotaka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Mtu akiiazima sufuria hiyo ulikuwa unamsindikiza kwa macho mpaka apotee njiani, na hukutulia hadi alipoirudisha.

Nimesharudi kwangu Wote. Krismasi imepita juzi tu. Mume wangu amefungua duka, watoto bado wamelala kama watu wasio na mama, na mimi nimekaa jikoni na chai yangu nakuandikia. Ilikuwa Krismasi yetu ya kwanza bila wewe, na nina habari ya Mama ambayo nimeshindwa kumwambia mtu yeyote. Nikijaribu kuieleza inasikika kama jambo dogo. Wewe utaielewa mara moja.

Lakini wacha nizunguke kidogo. Si ulisema mimi nikitumwa kiberiti naleta kwanza habari za dukani?

Miaka yote ya utoto wetu ulikuwa Emali, kwenye jiko la ile hoteli ya barabara ya Mombasa, ukiwapikia wasafiri tusiowajua. Sisi tulikuwa Migwani na Mama, na mahindi, na mvua isiyoaminika. Ulifanya kazi Pasaka, ulifanya kazi sikukuu nyingine zote, ili wakuachie Krismasi. Ulifika na begi lako, na kabla hujakaa ulikuwa umeshauliza kama mkaa upo wa kutosha.

Asubuhi ya Krismasi wanaume wengine wa kijiji walikuwa wanashughulika na mbuzi. Wewe ulinishika mkono tukaenda bucha kununua nyama ya ng'ombe. Naliona mpaka leo panga la mwenye bucha likiwa hewani, na wewe ukimwambia, "Usikate. Nataka bega, kipande kizima."

"Mzee, kizima hivi? Hii utaipika aje?"

"Polepole."

Nilikibeba mimi kile kipande njia nzima. Kilinilemea, lakini sikukubali unisaidie.

Nyumbani ulikipaka chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu kilichotwangwa, ukakiacha kitulie. Kisha ulihitaji kamba ya kukifunga kisije kikavunjikia ndani ya sufuria, na kwangu sikukuu ilianzia hapo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akisuka kiondo. Ulipita nyuma yake kama mtu asiye na nia yoyote, ukavuta uzi wa katani.

"Tafuta kamba yako," alisema bila kuinua macho.

"Yangu haina nguvu kama yako."

Ulimjibu hivyo kila mwaka, na kila mwaka alifyonya. Lakini mimi nilikuwa nimemwona wiki moja kabla, akisokota uzi wa ziada kwenye paja lake na kuuacha ukining'inia nje ya kiondo, mahali ambapo hata kipofu angeuona. Sikukuambia. Nilidhani ni siri yake.

Mzee Mutisya jirani hakukosa kupita. Alikuja ananuka moshi wa mbuzi wake, akakukuta umeinamia beseni la mboga.

"Baba Mwende, kweli mwanaume anamenya karoti?"

"Karoti haijui nani anaimenya."

Alicheka, akatikisa kichwa, akasema Emali imekuharibu. Na bado hakuondoka mpaka sufuria ilipofunuliwa.

Nyama uliikaanga kwanza kwenye mafuta moto, upande mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka ikawa kahawia iliyokolea. Uliitoa, ukaweka vitunguu na nyanya kwenye mafuta yaleyale, ukakwangua chini kwa mwiko kwa sababu utamu wote ulikuwa umeshika pale. Nyama ikarudi, maji kidogo yasiyoifunika, mfuniko, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko. Kisha ukakaa kwenye lile jiwe lako ukisikiliza. Hukumruhusu mtu afunue. "Ikipiga kelele, punguza moto," uliniambia, ukaniinamisha nisikie. "Inatakiwa inong'one." Karoti na viazi viliingia baadaye sana, vikiwa vizima. Mwisho uliitoa nyama ipumzike, ukaponda karoti kadhaa na vitunguu vilivyolainika ndani ya mchuzi hadi ukawa mzito. Wewe uliuita grevi, kama hotelini. Tulilicheka hilo neno hadi tukapaliwa.

Ulimpakulia Mama kwanza, mbele ya watoto na wageni na Mzee Mutisya mwenyewe, kipande cha katikati, na grevi juu. Alionja. Sote tulingoja.

"Nyama ni nzuri," alisema. "Lakini chumvi naona uliacha Emali."

Nawe ulisimama. Hukubishana hata mwaka mmoja. Uliingia ndani, ukaleta kile kikopo cha chumvi, ukakiweka karibu na mkono wake wa kulia. Hakukigusa. Alikula sahani yote, akaongeza, na kikopo kikabaki palepale na kifuniko chake.

Nilikuwa nakuhurumia, Baba. Nilipokua kidogo nilimuuliza Mama, tukiwa tunaosha vyombo, kwa nini anakusumbua na chumvi imekolea. Alicheka kile kicheko chake cha puani.

"Mwaka mzima anainukia watu wa Emali," alisema. "Wacha siku moja ainuke kwa ajili yangu."

Hata ulipostaafu ukarudi nyumbani moja kwa moja, chumvi iliendelea kuachwa Emali kila Krismasi, na wewe ukaendelea kuinuka, magoti yakilia. Nadhani ulijua kwa nini. Sikuwahi kukuuliza, na sasa natembea na hilo swali kila mahali.

Tulikuzika kabla ya mvua ya mwezi wa nne. Mama hakulia mbele za watu. Aliwashukuru waliokuja, akahakikisha kwaya imepata chai, na watu wakasema ana moyo mgumu. Alianza kupungua baadaye. Uji nusu kikombe asubuhi, chai jioni, na ukimletea chakula anasema ameshiba. Nyama ya ng'ombe aliikataa kabisa. Mezani hakukaa tena. Alikula kwenye kigoda karibu na mlango, sahani mapajani, uso umeelekea njia. Kiondo alichokuwa akisuka kilitundikwa msumarini kikiwa nusu. Kila nilipokwenda kumwona nilikuta gauni lake limezidi kuwa kubwa.

Niliogopa, Baba. Niliogopa kwamba anakufuata, tena bila kelele, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya maombi ya mwisho.

Ndugu zangu waliniambia kwa simu nimchukue akae nami Wote. Nilipomgusia, aliniuliza, "Na hii nyumba nimwachie nani?" Kimoyomoyo nilikata shauri: Krismasi nitampikia rosti yako. Akila, abaki kwake. Asipokula, nafungasha nguo zake na tunaondoka naye, apende asipende. Sikumwambia. Nilijua kumng'oa pale kungeweza kummaliza upesi kuliko njaa, na kumwacha pale pia kungeweza kummaliza, na sikuwa na mtu wa kuniambia lipi ni lipi.

Tena hukutuachia maelezo yoyote. Ulituachia sufuria. Nikaamua kujaribu kwanza huku Wote. Nilinunua steki laini ya bei, nikaipika kwa gesi, nikafunua kila mara kuangalia. Mume wangu alitafuna kwa adabu. Binti yetu, yule aliyerithi mdomo wako, akasema, "Mum, hii nyama imekataa." Nilimfokea, kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukikipapasa kipande pale bucha, ukisema nyama isiyo na mafuta wala mshipa haina cha kulainika. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Hawakukujua wewe. Hupo, na bado unanikosoa jikoni kwangu.

Bucha ya Migwani siku hizi inakata mifupa kwa msumeno wa umeme. Niliomba bega, kipande kizima, na yule anayekata akaniangalia. "Kizima hivi? Madam, hii utaipika aje?" Nusura nilie mbele ya foleni ya watu. Nikamjibu ulivyojibu wewe.

Nyumbani niliipaka viungo, nikaiacha itulie. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, akiangalia njia, kama vile hanioni. Nilipofika kwenye kamba nilisimama na mikono yangu yenye kitunguu saumu. Ningeweza kutafuta uzi mwingine. Lakini nilikwenda kwenye ule msumari, nikanyoosha mkono kuelekea kile kiondo kilichofika nusu.

"Wacha hiyo," Mama alisema.

Nikajua nimeharibu. Nilirudisha mkono, nikabaki nimesimama katikati ya nyumba. Mama akavuta fungu la katani chini ya kigoda, akakunja gauni hadi juu ya goti, akaanza kusokota. Paja limekonda, Baba, lakini mikono haijasahau kitu. Aliponipa uzi hakuniangalia usoni.

"Hiyo ya kiondo imekauka," alisema. "Ingekatika."

Mzee Mutisya alikuja, siku hizi kwa fimbo. Hakutania. Alikaa kwenye jiwe lako, akaelekeza sikio kwenye sufuria, na baada ya muda akaniambia, "Punguza moto kidogo, mama. Inapiga kelele." Kumbe miaka yote ile alipokuwa akikucheka alikuwa anasoma. Nilipunguza.

Nilipotandika meza sikumwita Mama. Niliogopa kumsikia akisema ameshiba. Nilitoa nyama, nikaponda karoti, nikakoroga, na nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya meza, akingoja kama mgeni. Nilimpakulia kwanza. Kipande cha katikati, kiazi, karoti, grevi juu. Nilimwaga kidogo kwenye kitambaa, naye akaifuta kwa kidole.

Alionja. Alitafuna polepole, akameza, akachukua kipande kingine. Nilikuwa naomba kwa maneno ambayo mchungaji wetu hangeyakubali, ya kumtishia Mungu kidogo. Mama akala kiazi. Kisha akaweka kijiko chini.

"Nyama ni nzuri," alisema. "Lakini wewe naye, chumvi naona umeacha Wote."

Mzee Mutisya aliinamisha kichwa juu ya sahani yake. Binti yetu akafungua mdomo kusema kwamba chumvi iko sawa, nikamkanyaga chini ya meza. Nikainuka.

Jikoni ndipo nilipokukosa kuliko siku zote. Siku ya mazishi nilikuwa na watu wa kulisha, viti vya kupanga, mahema ya kurudisha. Pale nilikuwa peke yangu, na kikopo chako mkononi, na nilitaka sana uingie kwa mlango wa nyuma uninyang'anye, useme hii ni kazi yako. Nilingoja kidogo, kwa kweli. Nilisimama nikiangalia mlango. Kisha nikajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, nikarudi mezani.

Nguo za Mama sikuzigusa. Nimemwacha kwake. Alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza nitarudi lini, na akasema grevi yangu ni nyepesi, kwamba wewe ulikuwa ukiponda karoti nyingi zaidi. Ana haki. Kile kiondo nilikiona kwenye kigoda, kimeshushwa msumarini. Sijui kama ataendelea kula hivyo. Nitakwenda tena mwisho wa mwezi ujao na bega jingine nione. Mimi sili vizuri bado, ukitaka kujua. Nikisikia harufu ya kitunguu kwenye mafuta nageuka kukutafuta, na nimeacha kujikataza.

Pumzika, mpishi wetu. Hukai tena mbali nasi kwa sababu ya wasafiri, na hilo najaribu kuliona kuwa zuri. Na kuhusu kikopo usiwe na wasiwasi. Nilikiweka karibu na mkono wake wa kulia, palepale ulipokuwa ukikiweka. Alikula sahani yote, akaongeza.

Hakukigusa.

Ni mimi Mwende, binti yako, uliyeniita Mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yako.