Mbwa Aliyenyolewa Januari

Jumanne usiku, Januari

Njeri binti yangu, wewe una wazimu. Nani hunyoa mbwa manyoya yote mwezi huu, kisha akamlaza kwenye vigae vya roshani, upepo ukimpiga?

Nimemwambia hivyo hivyo. Akacheka. "Mum, hii ni Dubai, baridi gani? Na si ni wewe ulitufundisha mbwa halazwi ndani ya nyumba?"

Nilifundisha, ndiyo. Lakini mbwa wetu wa nyumbani alikuwa na manyoya yake, na majivu moto ya kulalia. Mbwa huyu, Simba, ni mzee. Anatetemeka, na leo amekataa hata nyama. Akifa hapo nje...

Nimemfunika shuka langu jekundu.

Kesho kabla ya kazi Njeri ampeleke kwa daktari. Simba akirudi, alale chumbani kwangu.