Kilichopukutika Mlangoni pa Tanuri

Jumatatu, 3 Machi
Fundi wa tanuri hapa maabara hana adabu! Nimemwambia usoni: wewe, hapa ni meza ya mama yako? Unamwaga makombo ili mimi niyainamie na mgongo huu? Unga mweupe mlangoni pa tanuri, mara ya tatu sasa. Akaapa hajamwaga kitu. Mwongo. Nimezoa, nimetupa.

Jumanne, 4 Machi
Mjukuu wangu kaja kula kwangu, mdomo haufungi. Vigae vya kuhimili moto anavyovitengeneza maabara vimekaa katikati ya tanuri, digrii elfu moja na mia nne, mara tatu, havina hata ufa! Anachukua unga wa silikoni iliyoungana na naitrojeni, anatia kidogo madini adimu yanayoitwa itriamu, anachoma bila hewa. Hayo madini ndiyo yanayosaidia kuyeyuka na kushikanisha chembe. Vikipoa, katikati ya chembe kunajengeka fuwele. Fuwele gani? Inategemea oksijeni imeingia kiasi gani — viungo vilevile, sura nyingine. Nimeelewa! Mimi wa darasa la tatu, mfagiaji wa maabara yao, nimeelewa.

Ijumaa vinapelekwa kwa watengeneza majiko ya viwandani, wavipange ndani ya majiko yao. Baada ya hapo mjukuu anapewa mkataba wa kudumu. Nikauliza: na moto mdogo je? Akacheka. Bibi, anayebeba gunia atashindwa na kikapu? Nikacheka naye.

Jumatano, 5 Machi
Trei ya tanuri imeinama. Fundi kaingiza koleo mlangoni, katoa kipande — kimepukutika kama chokaa.

"Kigingi tu hicho, Bibi."

Kigingi! Kumbe anainulia trei kwa vigae vya mjukuu wangu, vile vilivyotoka vimepinda. Kikivunjika anaweka kingine, hamwambii mtu. Na pale mlangoni moto ni digrii elfu moja tu.

Kwa hiyo mara tatu nimezoa vigae vya mjukuu wangu nikatukana mtu bure. Nimemwomba radhi fundi. Neno moja, linamtosha. Unga wa leo sikuutupa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mjukuu. Kawaka! Eti Bibi, kazi yako fagio, hii niachie mimi. Mimi niliyemfunga nepi! Nikamwekea ule unga mezani, kwenye kifuniko cha kopo. Akautazama. Akaugusa. Akakaa.

Kisha akanieleza, sauti imeshuka. Kwenye moto mkali kigae hujifunika ngozi ya kioo, hewa haipiti. Kwenye elfu moja ngozi haijashika. Oksijeni inapenya ndani, fuwele zile za itriamu zinainywa, zinageuka fuwele nyingine, zinavimba, zinapasua kila kitu. Na jiko la kiwandani linapita kwenye elfu moja hiyo kila likiwashwa, kila likipoa.

"Au vilipukutika kwa sababu vilikuwa vibovu," akasema. Labda. Kweli, labda! Mimi sijui, yeye hajui. Kupima tena ni siku mbili. Ila mkuu wa maabara keshaahidi vigae viondoke kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimekaa juu ya boksi. Boksi lenyewe la vigae! Limefungwa utepe, gari liko nje linanguruma. Mkuu kaja, anacheka kwa meno tu: Bibi, tupishe. Nikamjibu magoti yananiuma. Fundi kajificha nyuma ya mtungi wa gesi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mkuu kampa mjukuu kalamu atie sahihi kwamba vimepimwa. Vimepimwa, ndiyo — kwa moto mkali. Mtoto haangalii karatasi, ananiangalia mimi. Akisema kweli, mkataba huenda ukapeperuka. Akinyamaza, kuna mtu atasimama mbele ya jiko lenye vigae hivi siku vitakapopasuka, ana watoto kama sisi.

Basi nimesema, na wote wamesikia: mjukuu wangu, weka kalamu chini. Kata utepe huu. Toa vigae vitatu, vizuri kabisa, si vilivyopinda, vikae mlangoni pa tanuri kwenye elfu moja mpaka Jumapili. Na wewe, Mkuu, usisimame hapo kama nguzo — mletee mkasi.