Magurudumu Mepesi Uliyonitumia

Nyumba ile ile, chumba cha nyuma,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza ugomvi. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Wifi yangu hajambo, na watoto je, bado wanamkumbuka shangazi yao au wamebaki na picha tu? Huku kwetu tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi haujamsumbua hata siku moja, unamjua. Mimi ni mzima kama kigongo.

Barua yako nimeipata. Niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kuanika nguo, nikarudi kuisoma tena nione kama kweli umeandika ulichoandika. Umeandika. Kwamba magurudumu uliyonitumia hayana kasoro, kasoro ni mimi, na kwamba nipunguze mwili kwanza ndipo nitayafaidi. Haya. Sasa kaa kitako, dada yako ana maneno.

Kwanza tuelewane juu ya neno moja, maana hapo ndipo tulipopotezana. Nilikuomba magurudumu mepesi ya baiskeli yangu. Kwa mafundi wa huku, gurudumu zito ni lile lisilotaka kuzunguka, na jepesi ni lile unalolisukuma kwa kidole likaenda mpaka ukalisahau. Hilo ndilo nililotaka, kwa sababu yale ya zamani yalikuwa yananitoa jasho hata penye tambarare. Wewe, kwa kuwa dukani kwako wanakuja watu wa mashindano, uliposikia mepesi ukakimbilia mizani. Ukaniletea spoki ishirini mbele na ishirini na nne nyuma, nyembamba kama wewe mwenyewe. Nilipoyatoa kwenye boksi, Mama aliuliza kama spoki nyingine zinafuata baadaye.

Kwa neno sikulaumu. Nakulaumu kwa kibandiko kilichopo kwenye ringi, kinachosema wazi yasibebe zaidi ya kilo mia, mtu na baiskeli yake. Mimi peke yangu napita hapo, na hilo hukuanza kulijua leo wala jana. Ulisoma kibandiko, ukanikumbuka, ukayatuma vilevile. Ulitumaini nini, Sindano? Kwamba nitakonda njiani kama barua iliyolowa?

Yalidumu mpaka mteremko wa kiwandani. Tulikuwa chama kizima cha baiskeli, Kapteni wetu mbele. Nikasikia ta! nyuma, kisha ta! nyingine, gurudumu likaanza kuyumba na kusugua breki. Wote wakasimama. Kapteni akalitazama gurudumu, kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini, na tangu hapo gurudumu halikutazamwa tena. Akatangaza mbele ya watu kwamba kwenye safari ya milimani, ile tunayoingoja mwaka mzima, nitapanda gari la nyuma nigawe maji na ndizi.

Nikakataa pale pale. Tukavutana mpaka akanipa nafasi moja: Jumapili ya leo, kilima chote, kupanda na kushuka. Spoki ikikatika tena, mimi ni wa garini, na mjadala umefungwa.

Mdogo wangu, niliumia. Nakuambia bila aibu, nililia nikiwa kazini, nyuma ya mashine ya kufulia, na mvuke ukanisitiri. Halafu nikanyanyua kapu la mashuka mabichi ya hospitali, lile ambalo wengine hulibeba wawili wawili, nikalipeleka kwenye kikaushio, na njiani hasira ikanishika vizuri. Mapaja haya ndiyo yanayosukuma toroli kwenye sakafu yetu yenye mashimo kutwa nzima. Pale kufulia hakuna anayeniambia nipunguze. Kwa nini nikikaa juu ya baiskeli ndipo kila mtu anakuwa daktari?

Mama naye akanitupia methali, mchagua jembe si mkulima. Nikamuuliza, mpini ukikatika, mkulima alime kwa kucha? Akacheka, akasema mtoto huyu mdomo kaurithi kwa baba yake. Si kweli, lakini nikamwacha.

Nikaenda kwa fundi, yule tunayemwita Bwana Kaza kwa sababu kila ugonjwa wa baiskeli dawa yake ni kukaza. Yeye kwanza akaniletea ringi za chuma, za baiskeli ya mizigo. Nikazirudisha. Nikitaka imara nipewe vyuma vya lori, nikitaka mepesi nipewe nyuzi za buibui, kwani mnene hana haki ya kupanda kilima bila kuvuta nanga? Tulibishana asubuhi nzima, yeye amesimama na spana, mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Aliapa kwamba sitapata vyote viwili. Nikaapa kwamba siondoki. Ndoo yenyewe aliihitaji, nadhani ndicho kilichomshinda.

Tulichoafikiana ni hiki, na nakuandikia kwa kirefu ili akija mnene mwingine dukani kwako usimuumize. Ringi ni za alumini, pana kuliko zako. Spoki ishirini na nane mbele, thelathini na mbili nyuma, maana nyuma ndiko mwili ulikolala. Spoki zenyewe ni zile zilizokonda katikati na kunenepa kwenye ncha, kwa hiyo si nzito, lakini hazikatiki kirahisi pale shingoni zinapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, ambapo zako ndipo zilipokatikia. Kila moja inapishana na wenzake mara tatu, na za upande mmoja Bwana Kaza alizikaza mpaka zote, ukizigonga, zikalia sauti moja. Matairi nimeongeza upana kidogo, na upepo siujazi mpaka yawe mawe. Yote pamoja yameyazidi yako uzito wa chupa ndogo ya maji. Kwa chupa ndogo ya maji, mdogo wangu, ulitaka nijinyime chakula mwaka mzima.

Basi leo asubuhi tukaondoka. Sitakudanganya kwamba niliwaongoza. Kwenye kupanda, wembamba waliniacha mapema wakanipungia mkono, nami nikabaki na pumzi yangu. Sikukanyaga chini. Niliogopa lakini. Kila kokoto niliyoipita nilikaza meno nikisubiri ule mlio, na kwenye kuteremka ndiko hofu ilikonizidi. Nikajiambia, kama ni kukatika na zikatike nikiwa nakwenda, si nikiwa nimeshika breki kama anayeomba radhi. Nikaachia. Sindano, kupanda uzito ni mzigo, lakini kuteremka ni mtaji! Niliwapita mmoja baada ya mwingine, na baiskeli imetulia chini yangu kama iko sebuleni.

Nilipofika chini, Kapteni alikuwa ameshasimama anafuta jasho. Akainama, akaninyanyulia baiskeli nyuma, akalizungusha gurudumu. Likaenda, likaenda, halikuyumba. Akazipitisha spoki vidoleni zote. Kisha akanitazama tena juu mpaka chini, safari hii akitabasamu, na wenzetu wote wanasikia.

“Hongera dada yangu. Naona umepungua.”

“Sijapungua hata robo kilo, Kapteni. Nimeongeza spoki.”

Milimani naenda, na naenda juu ya baiskeli.

Gurudumu lako la mbele ni zima, nitakurudishia akipatikana mtu wa kulibeba. Nisalimie wifi yangu na umwambie kitambaa chake kimepokelewa. Wanangu wabusu mashavuni, hasa kitinda mimba. Baba mdogo ukimwona, mwambie Mama anamuulizia kila akisali. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe riziki isiyo na masimango, na akujalie macho ya kusoma vibandiko. Ukinijibu, niulize habari za milima. Habari za mwili wangu usiniulize tena, ni njema.

Wako akupendaye kwa kilo zake zote mia moja na nane,

Dada yako mkubwa.