Kivuli cha Kinu

Jumatatu, 3 Februari 1992

Vipindi vinne, chaki zimebaki vipande vya kushikwa kwa ncha za vidole. Kidato cha Tatu bado wanachanganya eneo na ujazo. Nimewafokea. Nimefika nyumbani na njaa, nikamkuta Baba Zuhura uani ameshashika uzi, ananingoja. Tangu wampunguze kiwandani mume wangu anauza sabuni za mche kibarazani, na adhuhuri ananishikia vitu juani. Hasemi kama anachukia. Siulizi.

Leo ilikuwa zamu ya kipande cha sabuni. Yeye anakining'iniza na kukigeuza. Mimi nashika ubao wenye karatasi ya miraba, nauelekeza kwenye jua, nachora mpaka wa kivuli. Anageuza tena, nachora tena. Jirani aliwahi kuuliza kama ni uganga. Baba Zuhura akamjibu ni uganga, ila mteja hajapatikana.

Nauandika mpango wangu hapa niusome siku nikianza kujidharau. Chukua umbo, pima vivuli vyake kwa kila upande, tafuta wastani. Basi. Kitu chochote kina ujazo, kina eneo la nje, kina upana wa wastani, halafu kuna ile hesabu ya kitoto: kipo, andika moja, hakipo, andika sifuri. Hivyo ni vipimo vinne. Changu ni cha tano. Miaka yote hii nafundisha vya watu.

Jumatano, 5 Februari

Nimeupata uthibitisho. Nimeweka kalamu chini.

Kipimo cha haki lazima kistahimili kisu. Nilimtazama Baba Zuhura akikata mche wa sabuni kwa waya. Vipande viwili. Ukijumlisha kipimo cha hiki na cha kile, umehesabu mara mbili pale walipogusana, yaani kwenye mkato. Toa mkato mara moja, urudi kwenye mche mzima. Ujazo unatii. Eneo la nje linatii, ukikumbuka kwamba mkato ni kama karatasi, una pande mbili.

Na kivuli je? Mwale wa jua unaopita vipande vyote viwili hauna njia nyingine, lazima upite kwenye mkato. Kwa hiyo vivuli viwili vinapolaliana, hapo ndipo kivuli cha mkato. Kinatii barabara.

Sikumweleza mtu. Nimepika ugali mbichi, tumeula.

Jumamosi, 8 Februari

Ujumbe kutoka Dar. Profesa wangu wa zamani, tuliyemwita Mzee Nukta kwa alivyokuwa akitukata maksi kwa nukta iliyosahaulika, anapita kwenda Dodoma Jumamosi ijayo. Atashuka hapa anisikilize. Kuna nafasi moja ya masomo ya juu kwa walimu, na yeye ndiye mwenye sauti. Nina miaka arobaini na moja. Mwaka kesho umri wangu haupokelewi. Nikikosa hii, nitafundisha eneo na ujazo hadi nistaafu.

Baba Zuhura amesema tukihamia Dar, sabuni zinauzika kokote, watu hawaachi kuoga. Nimecheka. Kisha nimeona alivyo na hamu ya kuondoka. Siku hizi kila kitu ruksa, kiwanda kinatafutiwa mnunuzi, na yeye bado akisikia king'ora cha alfajiri anaketi kitandani.

Jumanne, 11 Februari

Hofu. Nimekokotoa upya. Kivuli cha wastani cha sabuni kinakaribia robo ya eneo lake la nje. Mpira wa Zuhura, robo kamili. Kiberiti, robo. Ikiwa kila kitu ni robo, basi sina kipimo cha tano. Nina cha pili kilichovaa nguo nyingine.

Nilikaa jikoni nimeduwaa. Mbele yangu kinu kidogo cha viungo, alichonipa mama nilipoolewa, kimetoka kijijini Matombo na harufu ya mdalasini haijakitoka. Nikakichukua. Nimekibandika karatasi za miraba kote, nje, ukingoni, hadi ndani ya shimo, nipate eneo lake lote. Baba Zuhura akakitundika juani. Tumepima hadi jua likapinda.

Si robo. Mbali kabisa na robo. Kivuli chake ni kidogo mno kwa eneo lake. Kwa hiyo kivuli ni kivuli, na eneo ni eneo. Nimeokoka. Nimekibusu kinu mbele ya mteja wa sabuni.

Ijumaa, 14 Februari

Nimefua pazia. Nimepiga pasi gauni la bluu. Sijalala mchana wala sijala. Mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi. Kesho.

Jumamosi, 15 Februari

Alikuja. Amezeeka, anatembea na fimbo. Shikamoo yangu aliipokea akiwa bado mlangoni, akataka karatasi kabla ya chai. Nilieleza. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo zamani hakuwahi kulifanya, na mimi kwa upumbavu nikalichukulia kuwa heri. Kwenye kisu alitabasamu. Kwenye robo alifumba macho. Nikatoa kinu changu kwa mbwembwe kama wakili anayeleta shahidi.

Alikigeuzageuza mkononi.

“Mwanangu, hiki kipasue katikati, toka mdomoni hadi kitako. Mwale upite ukuta huu, uvuke shimo, upite ukuta wa pili. Umegusa mkato?”

Hapana. Mwale umepita hewani, palipo na shimo. Umepita vipande vyote viwili wala haukugusa mkato. Uthibitisho wangu ni wa vitu visivyo na shimo wala bonde, vitu ambavyo uzi ukivutwa kati ya nukta zake mbili haupiti nje. Sabuni. Mpira. Kiberiti. Nami nikaenda kuita shahidi mwenye shimo.

Kisha akaniambia lililobaki. Kwa vitu vile visivyo na shimo, robo hiyo inajulikana tangu zamani sana. Na nilipokuwa mtoto, mtu huko ng'ambo alithibitisha kwamba kila kipimo kinachostahimili kisu, kisichobadilika ukikihamisha kitu au kukigeuza, na kisichoruka ghafla kitu kikibadilika kidogo, ni mchanganyiko wa vile vinne. Cha tano hakipo. Si kwamba hakijapatikana.

Alikula pilau vizuri. Alipoondoka alinishika mkono, akasema hawezi kuniombea nafasi kwa jambo linalojulikana. Nimemchukia hadi gari lake lilipopinda kona. Hakusema uongo.

Jumapili, 16 Februari

Sitaki kuandika. Baba Zuhura ameuliza kama leo tunapima. Nimemjibu vibaya. Amekwenda kibarazani, amekata sabuni ambazo hakuna aliyeziulizia.

Jumanne, 18 Februari

Bado vile vinne vinanisumbua, lakini si kwa hasira tena. Viwe vinne kwa nini? Mawe yote ya Mto Morogoro, kila moja na umbo lake, na ukiwauliza watu wote duniani wabuni vipimo vya haki hadi wachoke, watarudi na vilevile. Hakuna baraza lililokaa. Hakuna aliyepiga kura. Nimesimama mbele ya Kidato cha Tatu nikasahau nilichotaka kusema. Wamedhani nimeugua.

Jioni nimeanua chandarua. Kilikuwa kimejikunja kambani, na kivuli chake chini kilikuwa cha namna mbili: hafifu palipo na tabaka moja, kizito palipo na mawili. Nimekiangalia hadi jua likazama. Sasa nafikiri jambo.

Jumatano, 19 Februari

Nimetoroka kazini baada ya kipindi cha pili. Mwenyezi Mungu anisamehe na mkuu wa shule pia.

Kivuli cha kinu nilikihesabu mara moja tu. Lakini mwale uliopita ukuta wa kwanza, ukavuka shimo, ukapita wa pili, umekipita kinu mara mbili. Nihesabu mbili, kama chandarua. Jua haliwezi kunichorea hilo, kinu si wavu, kwa hiyo nimekokotoa kwa kalamu, upande kwa upande, kuta na shimo. Nimemaliza Baba Zuhura akirudi kutoka swala ya alasiri.

Robo.

Robo ya eneo lote, nje na ukingo na ndani ya shimo. Nimerudia kwa njia nyingine. Robo. Kinu kilichochongwa kwa macho na tezo huko Matombo na mtu asiyenijua, nacho kimo ndani ya sheria. Nililia. Nalisema wazi kwa kuwa hakuna wa kulisoma: nililia kwa hofu, kama mtu aliyegusa ukuta gizani akakuta ni ubavu wa mnyama mkubwa, na mnyama anapumua. Nafasi nimeikosa. Jambo hili pia bila shaka wakubwa wanalijua. Sijali, au najali kidogo.

Nilimweleza Baba Zuhura. Aliuliza swali moja tu: ina maana hatuhami? Nikasema hatuhami. Akaenda kupanga sabuni zake. Iliniuma kuliko maneno yote ya Mzee Nukta.

Jumatatu, 24 Februari

Mvua kidogo alfajiri, kisha jua. Kidato cha Tatu wamefaulu mtihani wa eneo na ujazo. Afadhali.

Nimebandua karatasi kwenye kinu ili kirudi jikoni. Zile za ndani zimegoma, nimeziloweka. Baba Zuhura alikichukua akakitundike kikauke, kwa uzi uleule. Kisha, kwa mazoea, akakigeuza upande, akangoja. Akakigeuza tena. Sikuwa na ubao wala kalamu. Nimekwenda kusimama karibu yake, tukakitazama kivuli.